Poliwag: Kiluwiluwi wa Kijapani Aliyenusurika Dimbwi Lilipofukiwa

Wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo, msomaji, nakuletea habari za kitu ambacho watu wazima wengi hukidharau, nacho ni kiumbe cha mchezo wa watoto. Hakipo baharini wala barani. Hakijapata kuliwa na kunguru wala kukanyagwa na ng'ombe. Hata hivyo kina nasaba, kina historia, na kina msiba uliokizaa. Jina lake ni Poliwag.

Umbo lake ni rahisi kulieleza. Ni tufe la buluu lenye macho makubwa, midomo midogo ya waridi, miguu miwili mifupi na mkia mpana kama wa samaki. Mikono hana. Mbele ya tumbo lake jeupe mna mstari mweusi unaojizungusha kuanzia katikati kwenda nje, mfano wa kamba ya jahazi iliyokunjwa vizuri juu ya sitaha. Wenye mchezo wamempimia hata kimo na uzito: urefu wa sentimita 60 na uzito wa kilo 12.4. Katika orodha ya viumbe wa mchezo huo yeye ndiye wa 60.

Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon. Ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, ukichezwa kwa kijisanduku cha mkononi kiitwacho Game Boy. Kazi ya mchezaji ni kuzunguka nchi ya kubuni akikamata viumbe wa ajabu, kuwafuga, kuwakuza na kuwashindanisha. Mwanzoni viumbe hao walikuwa 151. Sasa wamezidi 1,000. Poliwag yumo tangu siku ya kwanza, naye huvuliwa kwa mshipi, kama wavuliwavyo samaki wetu. Mchezaji akishapewa mshipi wa daraja ya pili, karibu kila maji anayotupia ndoana yaweza kumpa Poliwag.

MAJINA YAKE

Mimi ni mtu wa mashairi, na mtu wa mashairi akikutana na kitu kigeni huanza kwa jina. Basi tuanze hapo.

Sisi humwita mtoto wa chura kiluwiluwi. Litamke polepole, ki-lu-wi-lu-wi, nawe utauona ule mkia ukipiga huku na huku. Neno linajirudia kwa sababu mnyama mwenyewe hatulii. Waarabu humwita abu dhunaiba, yaani mwenye kijimkia. Wajapani humwita otamajakushi, neno ambalo pia ni jina la upawa wa kuchotea mchuzi, kwani ukimtazama vizuri kiluwiluwi utaona kweli ni upawa: bakuli mbele, mpini nyuma. Waingereza wana polliwog, neno la kale lililotokana na kichwa na kunyonganyonga, na ndilo lililomzaa Poliwag mchezo ulipofika Marekani mwaka 1998.

Lakini kwao Japani haitwi Poliwag. Huko jina lake ni Nyoromo. Wajapani wana hazina kubwa ya maneno ya kuigiza mwendo na sauti, kama sisi tunavyosema mtu kaanguka pu, au maji yametulia tuli. Miongoni mwa maneno yao kuna nyoro-nyoro, yaani mwendo wa kitu kirefu, laini, kinachojipindapinda. Hapo ndipo walipomtoa Nyoromo wao. Nami sikio langu la Kiswahili likasikia ngozi nyororo, ingawa lugha hizi mbili hazina udugu. Ama kweli ulimi una njia zake, na mara nyingine watu wasiojuana hupita njia moja.

DUARA LA TUMBONI

Sasa tuje kwenye lile duara, maana humo ndimo iliko siri yake.

Wengi hudhani ni pambo tu, au alama ya wimbi kwa kuwa kiumbe ni wa majini. La hasha. Lile duara ni utumbo. Kamusi ya viumbe iliyomo ndani ya mchezo husema wazi kwamba ngozi ya Poliwag ni nyembamba hata matumbo yaonekana kwa nje, na kwamba duara hukolea zaidi baada ya kula. Huongeza kuwa ngozi hiyo, pamoja na wembamba wake, ina mnyumbuko mkubwa, na meno makali huigonga yakarudi.

Hayo hayakuzuliwa. Mkamate kiluwiluwi wa kweli, yule ambaye tumbo lake si jeusi, umweke katika bilauri ya maji safi, umtazame kwa chini. Utaona utumbo mrefu uliojikunja duara juu ya duara. Sababu yake ni chakula. Kiluwiluwi wa kawaida hula ukoga na majani yaliyooza, na chakula cha namna hiyo ni kigumu kusagika, kwa hiyo chataka safari ndefu tumboni. Ng'ombe naye, mla nyasi, ana utumbo mrefu kumshinda simba.

Mtu aliyeyaona hayo akiwa mtoto, na asiyasahau, ndiye mwanzilishi wa mchezo wote. Anaitwa Satoshi Tajiri.

Naam, Tajiri. Usicheke, msomaji, maana mimi nimekwisha kucheka kwa niaba yako. Kwetu tajiri ni mwenye mali, nasi tulilitoa kwa Waarabu, ambao tajir wao ni mfanyabiashara. Na kwa kuwa Pokémon ni miongoni mwa biashara kubwa mno za burudani duniani, mtu angedhani jina lilimtabiria. Lakini jina hili la Kijapani huandikwa kwa alama mbili, nazo zina maana nyingine kabisa. Alama ya kwanza ni jaruba la mpunga. Ya pili ni kitako, mwisho wa kitu. Tajiri, basi, ni mwisho wa jaruba, pale konde la mpunga linapokomea. Ni mahali gani pengine kiluwiluwi anapenda kukaa zaidi ya hapo?

MACHIDA ILIVYOGEUKA

Tajiri alizaliwa mwaka 1965, akakulia Machida, kandokando ya jiji la Tokyo. Enzi hizo Machida ilikuwa bado na harufu ya shamba. Kulikuwa na makonde, vijito, miti na madimbwi. Kijana huyu alishughulika na wadudu mpaka wenziwe wakambandika jina la daktari wa wadudu. Ndoto yake ilikuwa kuwa mtaalamu wao.

Lakini Tokyo ilikuwa ikifura. Katika vilima vya Tama, ambavyo sehemu yake imo Machida, mji mpya mzima ulipangwa katika miaka ya 1960, na wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 1971. Vilima vilisawazishwa, miti ikakatwa, vijito vikatiwa saruji. Kila mwaka wadudu walisogea mbali zaidi, na mtoto akawafuata mpaka hakuwa na pa kuwafuata. Mwaka 1999 Tajiri aliliambia jarida la Time la Marekani jinsi alivyoona dimbwi la kuvulia samaki likigeuka ukumbi wa mashine za michezo. Katika mahojiano hayo hayo alimtaja Nyoromo, akaeleza kuwa duara lake ni ule utumbo aliokuwa akiuona katika viluwiluwi aliowashika kwa mkono wake.

Zingatia kinaya cha mambo. Mwaka 1978 mchezo wa Space Invaders uliingia katika kumbi za Japani, na kijana Tajiri akazama humo kama vijana wenziwe. Jumba lililomnyang'anya dimbwi ndilo lililomfundisha ufundi wa kulirudisha. Mwaka 1983 alianzisha kijigazeti cha michezo alichokiita Game Freak. Mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye, na baadaye ndiye aliyewachora viumbe wa Pokémon tunaowajua. Mwaka 1989 kijigazeti kikawa kampuni.

Wazo la Pokémon lilimjia alipoona kwamba visanduku viwili vya Game Boy vyaweza kuunganishwa kwa waya. Wengine waliuona waya huo kama njia ya kushindana. Yeye aliwaona wadudu wakitambaa ndani yake, kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, kama watoto wa zamani walivyobadilishana walichokamata. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka sita. Na nchi ya kubuni iliyomo katika mchezo wa kwanza aliiita Kanto, ambalo ni jina la kweli la eneo la Japani lenye Tokyo na Machida yake. Alichora upya nchi yake mwenyewe, akayarudishia madimbwi maji.

KUKUA KWAKE

Poliwag hukua, na ukuaji wake umefuata maumbile kwa namna inayopendeza. Ana miguu ya nyuma lakini hana mikono, nayo ni sahihi, kwa kuwa kiluwiluwi wa kawaida huota miguu ya nyuma inayoonekana kabla ya mikono. Kamusi ya mchezo husema miguu yake ni mipya, hajaizoea, kwa hiyo aona heri kuogelea kuliko kutembea. Afikapo daraja la 25 hugeuka Poliwhirl: mkia umekwenda, mikono imekuja, na sasa aweza kuishi nchi kavu. Hata hivyo hutoa jasho ili ngozi isikauke. Hilo nalo ni la kweli kwa vyura, ambao hupumua kwa ngozi pia, na ngozi ikikauka hufa.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Mchezaji akimpa Poliwhirl jiwe liitwalo la maji, hugeuka Poliwrath, pande la mtu mwenye misuli, mpiganaji na muogeleaji asiyeshindika. Njia ya pili iliongezwa mwaka 1999. Poliwhirl hubebeshwa kito kiitwacho Mwamba wa Mfalme, kisha mwenyewe humtoa, akampa mchezaji mwenziwe kwa kubadilishana. Hapo tu ndipo awapo chura kamili, Politoed, wa kijani, mwenye unywele uliojikunja kichwani. Wajapani humwita Nyorotono, na tono ni bwana mkubwa, mwinyi wa mahali. Wakikutana watatu au zaidi huimba kwa sauti kubwa, na viluwiluwi husikia mwito wake wakakusanyika.

Nimelitafakari sana sharti hilo la kubadilishana. Mtoto aliyejifungia chumbani peke yake aweza kumpata bondia, lakini chura mwimbaji hampati mpaka amtafute mtoto mwingine. Sijui kama kuna mhubiri aliyeweza kuwaambia vijana jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Mahali pamoja tu mchezo umeacha njia ya maumbile. Chura wa kweli anapopevuka huacha majani akawa mla nyama, na ule utumbo mrefu hufupika sana. Duara la utotoni huvunjika. Politoed, na hali amekuwa bwana mkubwa, bado analo tumboni. Mtaalamu wa viumbe atasema ni kosa. Mimi naona ndipo penye ukweli wa mtungaji wake: mtu mzima, mwenye kampuni, aliyebaki na tumbo la utotoni, tena likiwa wazi kwa kila mwenye macho.

HABARI YA IKWETA

Kuna kipande kingine ambacho sisi Wakenya tuna haki nacho. Katika toleo la mchezo liitwalo Silver, la mwaka 1999, kamusi husema kwamba upande unaoelekea duara la Poliwag hutofautiana mahali hadi mahali, na kwamba yadhaniwa ikweta ndiyo sababu.

Aliyepita Nanyuki anacheka hapa. Pale kwenye kibao cha ikweta wapo vijana wenye beseni lililotobolewa na njiti ya kiberiti. Wakisimama hatua chache kaskazini, njiti huzunguka upande huu. Kusini, upande ule. Kwenye mstari wenyewe, hutulia. Watalii hustaajabu na kutoa senti zao. Ukweli ni kwamba kuzunguka kwa dunia huamua mkondo wa tufani kubwa za baharini, ambazo kweli huzunguka kinyume kaskazini na kusini mwa ikweta. Maji ya beseni ni machache mno kulisikia jambo hilo. Huzunguka kwa jinsi yalivyomiminwa, na mkono wa mwenye beseni waujua upande.

Wala utumbo wa kiluwiluwi hauna habari na ikweta. Kujikunja kwake kumo katika maumbile aliyozaliwa nayo. Lakini sikuichukia porojo ile. Watungaji wa Kijapani walisema tu kuwa yadhaniwa, kama wazee wasemavyo barazani, wakamwachia mtoto afikiri.

PICHA NA MWENYE PICHA

Sasa nifike kwenye jambo linalonikaa moyoni.

Mjukuu wangu ana miaka tisa, naye anamjua Poliwag kuliko mimi ninavyoijua njia ya kwenda sokoni. Ajua nambari yake, nguvu zake, na jinsi duara lake linavyomtia adui usingizi. Msimu wa masika uliopita maji yalisimama nyuma ya nyumba, na baada ya siku kadhaa yakajaa vitu vyeusi vyenye mikia. Nikamwita. Akachungulia, akauliza, “Babu, hawa ni samaki?”

Nilinyamaza kidogo. Nikachukua bilauri, nikachota. Wa kwanza tumbo lake lilikuwa jeusi tititi, hatukuona kitu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mweupe kwa chini. Nikaiinua bilauri kwenye mwanga, nikamwambia, “Tazama tumboni, mjukuu wangu.” Akatazama. Macho yakamtoka. “Babu! Ni Poliwag!”

Furaha yake ilinipendeza, ila maneno yake yalinichoma. Satoshi Tajiri alimwona kiluwiluwi, ndipo akamchora Poliwag. Mjukuu wangu alimjua Poliwag, ndipo akamtambua kiluwiluwi. Kivuli kilitangulia, mwenye kivuli akafuata nyuma. Tena huyu alibahatika kumwona. Wapo wangapi ambao mwenye kivuli hatawafikia kamwe?

Na hatari hiyo si ya kubuni. Uchunguzi mkubwa wa dunia uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa takriban asilimia 41 ya aina za viumbe wa jamii ya chura wamo katika hatari ya kutoweka, kiasi kinachowapita ndege na wanyama wanyonyeshao. Huko huko Japani majaruba yaliyokuwa makao ya vyura yametiwa mitaro ya saruji yenye kuta wima. Chura mwenye vidole vya kunata hupanda akatoka. Asiye navyo akitumbukia hatoki, na jamii za vyura hao zimepungua. Msumeno uliokata miti ya Machida haujawekwa chini, nasi hatuna haja ya kuvuka bahari kuusikia.

Wapo watakaosema dawa ni kumnyang'anya mtoto mchezo. Siungi mkono. Mchezo huu haukuliua dimbwi. Ulizaliwa dimbwi likiwa limekwisha kufa, nao ni kama tanzia iliyoandikwa na mfiwa kwa njia aliyoiweza. Tena mwaka 2016 ulitoka mchezo wa Pokémon wa kuchezwa kwa simu, unaomlazimu mchezaji atoke nje na kutembea, na viumbe wa majini huonekana zaidi karibu na maji. Mwenye kutoka kumtafuta Poliwag kando ya kijito huenda akamsikia chura. Kosa litakuwa letu sisi wazee tukiwaachia watoto tanzia, tusiwaonyeshe marehemu angali hai.

Nilipokwisha kuwarudisha wale watatu majini niliandika beti hii, nami naitoa kama ilivyokuja:

Kiluwiluwi dimbwini, mkia wampepea,
Duara lake tumboni, ngozini latokezea,
Wenye macho tazameni, bado hajatupotea,
Dimbwi likishafukiwa, picha itatusalia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mvua zijapo, na mtoto wako awapo ameinamia kioo chake akimkuza Poliwag, usimfokee. Keti kando yake umuulize lile duara ni la nini. Akikosa jibu, mwambie ni utumbo. Akibisha, kama watoto wa leo wanavyobisha, mtafutie bilauri safi, mtoke pamoja. Na wale mtakaowachota, warudisheni majini walikotoka.